Magofu ya Glendalough yana wenyewe, ya Kaole je?

Watu wa nyumbani wakisikia naishi Ireland huniuliza baridi na mshahara. Mimi kilichonigusa huku ni makaburi.

Glendalough ni bonde lenye maziwa mawili katika milima ya Wicklow, kusini mwa Dublin. Mtakatifu Kevin aliweka makao ya watawa hapo karne ya 6, yakakua mpaka yakawa kama mji, kisha jeshi la Waingereza likayaharibu mwaka 1398. Yamebaki makanisa yasiyo na paa na mnara wa duara wa mita 30 hivi. Mlango wa mnara uko juu mita tatu na ushei, bila ngazi huingii. Unapita chini ya lango la matao mawili, hakuna anayekudai kiingilio, na mara uko katikati ya mawe ya kaburi yaliyosongamana: mengine yameota kuvu hadi hayasomeki, mengine ni ya juzi tu, yana majina ya koo zinazoishi bondeni mpaka leo. Mwenye babu yake pale haendi kutalii, anaenda kuzuru.

Sisi Bagamoyo tuna Kaole: msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo. Shuleni tulipelekwa kwa mstari, tukanakili kibao, tukarudi. Kana kwamba waliolala pale si wazee wetu! Wapo wanaokwenda kuomba dua na kufukiza ubani, lakini huenda kimyakimya, kama wezi.

Msidhani huku ni peponi. Kijiji jirani, Laragh, wikendi hujaa magari hadi barabara inakwama, na mabasi ya watalii kutoka Dublin hupita tu. Vijana nao wanalia na bei za nyumba. Kaole angalau watoto wapo, na kelele zao.

Najua kuna watakaosema kuzuru makaburi ni ushirikina. Huku nako yalisemwa. Sikukuu ya Kevin, 3 Juni, ilikuwa ikijaza watu bondeni, wakianza kwa sala na kumaliza kwa pombe na ngumi, mpaka Kanisa lenyewe likaikomesha karne ya 19. Ngumi zilikwisha. Kuzuru wanazuru bado, na mbwa wao na viatu vya matope.