Malori ya kobalti yanapita, glavu tunanunua

Nimesoma habari inayosema wafadhili wanapunguza pesa za afya na malengo ya afya ya 2030 yako hatarini. Sawa, ila mbona haikutaja ahadi ya Abuja? Mwaka 2001 huko Abuja, Nigeria, marais wa Afrika waliahidi wenyewe 15% ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi hazijafika, Kongo yetu ikiwemo.

Hapa Lubumbashi malori ya shaba na kobalti yanaenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana. Sheria ya migodi ya 2018 iliweka mrabaha (malipo ya kampuni kwa madini zinayochimba) wa 10% kwa madini ya kimkakati, kobalti ikiwemo, na 15% ya mrabaha huo irudi kwa maeneo yenye migodi. Lakini mama wa mtaa wa Katuba au Kenya (Kenya ya hapa, si ya Nairobi!) bado anaambiwa aje kujifungua na glavu zake. Mwandishi, wafadhili umewahoji. Wanaopokea mrabaha je?