Wosia wa Chooni

Baba mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Akija kwetu husalimia, huketi kwenye kiti kile kile cha karibu na dirisha, husoma gazeti lake hadi matangazo ya mwisho, kisha huaga. Kwa hiyo siku aliponiita nikiwa bustanini, nikaingia na mikono imejaa udongo, nikamkuta ameketi wima, miwani mkononi, akaniambia, "Mwanangu, funga mlango, uketi," nilijua kuna mtu anakufa. Sikujua kuwa ni yeye.

Lakini kisa hiki kinaanzia kwenye tofali.

Mwaka ule nilikuwa nimejitangaza waziri wa maji wa nyumba yetu, bila uchaguzi. Niliweka ndoo chini ya bomba la mvua kukinga yale maji ya baridi yanayokwenda bure wakati mtu anasubiri ya moto. Maji ya kusuuzia mboga nikayapeleka kwenye maua. Watoto walipiga mswaki kwa kikombe kimoja kila mtu, nami nimesimama mlangoni kama askari wa zamu. Mke wangu alivumilia yote hayo, hadi nilipoamua kulimbikiza maji ya kufulia kwenye pipa ili yawe mengi ya kutosha bustani nzima. Maji yaliyokwisha kutumika hayafai kulazwa zaidi ya siku moja. Mimi niliyalaza nne. Siku ya tano jirani alikuja kuuliza, kwa adabu sana, kama mbwa wetu yuko salama. Hatuna mbwa.

Baada ya pipa kumwagwa, heshima yangu ilikuwa imepungua, nikatafuta ushindi mdogo wa haraka. Choo chetu ni cha zamani, kile cha tangi kubwa linalomwaga lita tisa kila ukiflashi. Nilikuwa nimesikia kwamba ukizamisha tofali ndani ya tangi, linachukua nafasi ya lita moja na nusu hivi, na hiyo nafasi unaiokoa kila mara. Wanaojua kazi huzamisha chupa ya plastiki iliyojazwa maji. Lakini chupa, nikajiambia, si kitu cha mwanamume kujivunia. Nikachagua tofali la udongo, zuri, jekundu, nikalitumbukiza kwa mikono miwili, nikafunika tangi na kutembea siku nzima kifua mbele.

Miezi miwili baadaye bili ya maji ikaja imepanda.

"Mheshimiwa," mke wangu alisema, akiishika ile karatasi kwa vidole viwili kama anayeshika mkia wa panya, "hebu tupe maelezo."

Usiku huo, saa nne, nilifunga mabomba yote, nikatoka na tochi, nikapiga magoti mbele ya mita. Kile kigurudumu kidogo cha katikati kilikuwa kinazunguka. Taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua hakuna wa kumfanya kitu. Nikaandika namba kwenye kiganja. Alfajiri saa kumi na moja nikarudi: lita sabini zimepita na sisi wote tumelala. Lita kumi kwa saa. Kwa siku nzima ni mia mbili arobaini, yaani pipa langu lile lililonuka lijae na kufurika, kila siku, na hata ua moja lisipate tone.

Mshukiwa wa kwanza katika mambo haya huwa ni choo, kwa sababu kinaweza kuvuja kimya kimya kutoka kwenye tangi hadi kwenye sinki la choo bila kudondosha tone sakafuni. Kipimo chake ni rahisi. Unatia rangi ya chakula kwenye tangi, unaacha nusu saa bila kuflashi, halafu unachungulia. Ukikuta rangi chini, tangi linavuja. Matone machache yanatosha. Jikoni tulikuwa na rangi moja tu, nyekundu, nami kwa hasira zangu nikamimina nusu chupa. Nikawaonya watoto, mke wangu akaenda zake sokoni, mimi nikaenda bustanini kutandaza nyasi kavu kwenye mashina ya nyanya ili udongo usikauke upesi. Kazi ya kutandaza nyasi inaliwaza. Nikasahau nusu saa, nikasahau choo, na sikumsikia baba mkwe akibisha, wala mtoto akimfungulia.

Sasa mtazame mzee wa watu. Amesafiri, ameingia moja kwa moja chooni, miwani iko mfukoni. Anamaliza haja yake ndogo, anavaa miwani, anatazama chini. Mekundu.

Baadaye alinieleza kwamba alifunga mfuniko haraka, akaflashi akiwa amegeuzia uso ukutani. Akafunua: bado wekundu. Akafunika tena, akaflashi tena. Waridi. Mara ya tatu hakufunua kabisa. Lita ishirini na saba, ukitoa za tofali. Ndipo akaja kuketi kwenye kiti chake.

"Nimeishi vizuri," aliniambia. "Sina kinyongo na mtu. Shamba wagawane sawa, wasigombane. Nataka uwaite shemeji zako waje leo."

"Baba, kuna nini?"

"Damu," alisema. "Nyingi."

"Wapi?"

Akanyoosha kidole kuelekea chooni.

Hapo nikaelewa. Na hapa nakiri jambo ambalo mke wangu hadi leo hajanisamehe: sikusema kitu papo hapo. Nilifungua mdomo, lakini mzee alikuwa ameinua mkono. "Na lile toroli langu uliloazima miaka miwili iliyopita," akaendelea, "ukalivunja gurudumu, ukadhani sijui. Nimekusamehe. Ni lako."

Nililihitaji sana lile toroli. Nilikaa kimya, labda dakika nzima. Kisha akaanza kuuliza azikwe upande gani, nikashindwa.

"Baba," nikasema, "ile ni rangi ya keki."

Kulikuwa na kimya kirefu. Nikamweleza mita, kigurudumu, lita sabini, kipimo. Nikamwambia yeye mwenyewe ndiye uthibitisho: kama aliona wekundu kabla ya kuflashi, basi tangi linavuja kweli, na nilimshukuru kwa hilo. Hakupokea shukrani.

Alisimama, akaenda chooni, akafunua tangi, akakunja mkono wa shati na kupapasa chini kabisa, penye ule mpira unaoziba tundu. Akatoa kiganja kimejaa punje nyekundu. Tofali langu lilikuwa limelowa likaanza kumomonyoka, na mchanga wake umekaa chini ya mpira, ukauzuia kuziba. Kwa miezi miwili nilikuwa naokoa lita moja na nusu kwa mkono huu na kumwaga pipa zima kwa ule.

Mke wangu aliingia akatukuta wawili tumeinamia tangi. Alimtazama baba yake, akatazama mikono yake iliyolowa wekundu, akapiga ukelele ulioleta jirani, yule yule wa mbwa.

Baba mkwe aliosha mikono. Aliosha kwa muda mrefu, bomba wazi hadi mwisho, akinitazama machoni.

"Toroli," alisema, "nalitaka Jumamosi. Na gurudumu lake."