Chati Tisa, Pochi Moja

Juzi rafiki yangu kanitumia picha ya skrini yake. Chati tisa. Nilizihesabu mara mbili. Fyucha ileile moja (mkataba wa kununua au kuuza kitu siku za mbele kwa bei ya leo), mikro ya S&P 500, yaani mkataba mdogo unaofuata faharasa ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, imepangwa kuanzia dakika 1 hadi wiki, kila chati imevalishwa mistari ya wastani wa bei na rangi za harusini. Chini kaandika: “Kaka, ya saa moja inasema nunua, ya dakika 15 inasema uza, ya dakika 1 inasema nunua. Nifuate ipi?”

Nilitaka kumjibu afuate usingizi.

Lakini sina hasira naye. Hasira zangu ni kwa walimu wanaotaja taimufremu, yaani kipande cha muda ambacho chati imekatwa nacho, kama wanataja namba ya kiatu: “Dakika 5, mjadala umefungwa.” Kiatu cha nani? Mbona hamuulizi kwanza mguu una ukubwa gani?

Maana kwa mimi ninavyoona, swali la taimufremu ni swali la stopu, ile oda inayokutoa sokoni hasara ikifika ulipopanga, na swali la stopu ni swali la pochi. Mchukue huyu huyu rafiki yangu. Akaunti yake ina dola 2,000 na amejiapiza kutopoteza zaidi ya asilimia 1 kwa tredi moja. Hizo ni dola 20. Pointi moja ya mikro ya S&P ni dola 5, kwa hiyo ana pointi 4 za kuchezea, na hapo kamisheni haijanyoosha mkono. Haya, afungue chati ya dakika 15 siku soko limechangamka. Mshumaa mmoja tu, yaani kile kijiti kinachoonyesha bei ilikotembea ndani ya dakika hizo 15, unaweza kufika pointi 10. Kuweka stopu ya pointi 4 humo ndani ni kupanga nyanya katikati ya barabara halafu unashangaa magari. Anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu mwelekeo na bado akatolewa kabla mshumaa haujafunga. E-mini, kaka mkubwa wa mikro, ya dola 50 kwa pointi, hata tusiitaje: pointi 4 za huko ni dola 200, sehemu ya kumi ya mali yake yote.

Kwa hiyo hesabu inaanzia mfukoni. Rudi nyuma siku kama ishirini, saa zilezile unazotredi, uone mishumaa ya taimufremu unayoitamani ina urefu gani na stopu inayostahimili kelele zake, kule kupanda na kushuka kusiko na maana, ni pointi ngapi. Zidisha kwa thamani ya pointi. Ikizidi unachokubali kupoteza, chati hiyo ni nzuri ila si yako. Teremka kwenye chati ya muda mfupi zaidi, au tafuta mkataba mdogo zaidi, au subiri akaunti inenepe. Mikro zilipoanza mwaka 2019 ndipo wengi wetu wenye akaunti nyembamba tulipoweza kuitazama dakika 15 bila kujidanganya.

Kuteremka nako kuna bei yake. Kikao cha mchana cha New York kina dakika 390. Ukikikata kwa dakika 5 unapata mishumaa 78, kwa dakika 15 unapata 26, kwa dakika 1 unapata 390, yaani nafasi 390 za kufanya ujinga. Na skalpa, yule wa kuingia na kutoka haraka haraka, anayewinda pointi moja, akipewa bei mbaya kwa tiki moja tu (robo ya pointi), robo ya faida imeshaliwa kabla broka hajachukua chake. Kuna watafiti waliofuatilia watu walioanza kutredi fyucha za hisa Brazil kati ya 2013 na 2015. Katika waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza. Sidhani kama shida yao ilikuwa uhaba wa chati.

Haya ninayoyasema nimeyalipia. Siku moja niliingia kununua mikro mbili kwa chati ya dakika 1, stopu pointi 3, yaani dola 30 kwa zote mbili. Bei ikashuka hadi zikabaki tiki mbili iguse stopu. Mtu mwenye akili zake angeiacha ifanye kazi yake. Mimi nikaiondoa, nikafungua dakika 5 ili, eti, nione picha kubwa. Dakika 5 ikaniambia tupo kwenye kiwango kizuri. Kikavunjika. Nikapanda dakika 15: kuna wastani hapo chini, utashika. Haukushika. Nikafika chati ya saa moja na humo, jamani, trendi ya kupanda imenyooka kama rula. Nikapumua. Nikaenda kunywa maji. Nilikuja kutoka na hasara ya pointi 22: dola 220 badala ya 30. Na trendi ile ya saa moja ilikuwa ya kweli, maana jioni soko lilifunga juu. Mimi sikuwepo tena.

Siku ile sikuwa nachambua chochote. Nilikuwa nazunguka natafuta shahidi wa kuhonga, na kwenye chati tisa humkosi.

Halafu hiyo chati ya saa moja mnayoiabudu, mmewahi kuitazama vizuri? Kikao kinafunguliwa saa 3:30 asubuhi za New York, lakini mshumaa wenu unaanza saa 3 kamili. Nusu ya kwanza soko linapiga miayo, nusu ya pili mlango umefunguliwa na watu wanakanyagana. Mnavichanganya vyote kwenye mshumaa mmoja, kisha mnakaa kuusoma kama tafsiri ya ndoto. Wa dakika 30 angalau unaanza pale kengele inapolia.

Haya, kwa shingo upande nakubali: kuichungulia chati kubwa kabla ya kuingia kuna maana. Bei ya juu na ya chini ya jana unapaswa kuzijua, na mtu wa mafuta ghafi anayeingia Jumatano bila kujua kwamba ripoti ya akiba ya mafuta ya Marekani kwa kawaida hutoka saa 4:30 asubuhi za New York hasaidiwi na taimufremu yoyote. Wapo pia wanaokata chati kwa idadi ya miamala au kwa wingi wa mikataba badala ya dakika, na baadhi yao wanajua wanachofanya. Wachache.

Nilimjibu rafiki yangu kwamba ile ni bei moja iliyovaa kanzu tisa, abakishe mbili: moja ya kutazama kabla, moja ya kuingilia, kutokea na kuwekea stopu. Akasema amenielewa kabisa. Jana katuma picha nyingine. Zimebaki nne. Ya dakika 1 bado ipo, ameiminya pembeni ikawa ndogo kama stempu, na juu yake kaandika kwa herufi kubwa: YA DHARURA.