Waya ndani ya mpira haufanyi miujiza

Kuna maneno yananichosha kila nikiingia duka la vifaa vya maji: "Bosi chukua huu mpira wa maji, una waya ndani, huu ni wa maisha." Alafu anaukanyaga, anaukunja, unarudi ulivyokuwa, anakuangalia kwa ushindi. Sasa hapo kathibitisha nini? Kwamba unavumilia kukanyagwa sekunde mbili. Mzigo wenyewe, yaani presha ya maji na uzito wa mpira, haukanyagi na kuondoka, unakaa palepale usiku na mchana, na plastiki ndo hapo inapoonyesha tabia yake, maana hata usipoongeza gramu moja inaendelea kujivuta polepole mwezi kwa mwezi.

Na wala sio siri. Chukua mfano wa bomba la polietilini la PE 100, plastiki ngumu ya mabomba ya maji: ukilivuta leo kwenye mashine linahimili zaidi ya megapaskali 20 (kipimo cha nguvu ya kuvuta kwa eneo), lakini ili lidumu miaka 50 wanalihesabia 10 tu, tena kwenye nyuzi joto 20. Ishirini! Mpira uliolala juu ya bati Dar saa saba mchana una nyuzi 20? Nilimuuliza muuzaji mmoja presha iliyoandikwa kwenye mpira ni ya joto gani, akasema "joto lolote bosi." Haya.

Waya unasaidia, sawa, sikatai. Chuma kwenye joto letu hakijivuti hivyo, kwa hiyo plastiki ikilegea mzigo unahamia kwenye waya kidogo kidogo. Ila waya unabeba kwa upande uliolazwa, basi. Huu wa kuzungushwa kazi yake ni kuzuia mpira usibonyee pampu ikivuta, kwa urefu plastiki inahangaika karibu peke yake. Kaangalie mpira ulioning'inia kutoka tenki la juu bila kufungwa ukutani: mizunguko ya waya kule juu imeachana, ya chini bado imebanana, kwa sababu juu ndo kunabeba kila kilicho chini yake.

Klipu ya kubana mpira nayo hivyohivyo, unakaza leo, plastiki inajipunguza pale inapobanwa, mkazo unashuka, maji yanadondoka, alafu fundi anatukanwa bure. Na ncha ikikatwa ikaachwa wazi maji yanaufuata waya ndani, ukiwa mpira unaoonyesha ndani utauona mstari wa kutu unapanda. Zibeni ncha, fungeni mpira ukutani kila nusu mita, na klipu zikazwe tena baada ya wiki kadhaa. Bisibisi tu inatosha jamani.