Wete Hakuvumi

Leo siku ya tisa tumetia nanga Tanga, na kama kuna mtu anadhani maisha ya chomboni ni kupunga upepo, aje nimwachie nafasi yangu. Huo upepo wenyewe ndio uliotuweka hapa.

Tumepakia vitunguu, mbatata na unga, tunapeleka Wete, Pemba. Ni kama kilomita 70, tena omo, pua ya chombo, unaielekeza mashariki tu, hata mtoto wa chuoni atakuonyesha kwa kidole. Lakini huu mwezi wa saba. Kusi, upepo wa kusini, ishashika, na kule kwenye mkondo, baina ya Pemba na bara, maji yanakimbilia kaskazini kama yameitwa msibani. Ukilenga Wete unaibukia Shimoni, uanze kuwaeleza watu wa Kenya hivyo vitunguu ni vya nani. Mashine iko kwa fundi, fundi anangoja kipuri, kipuri sijui kinangoja nini. Kila jioni redio inasema yale yale: upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita 2. Nahodha anaizima na kusema, "Haya, tumesikia," kama aliyetumiwa salamu.

Mimi ni mpishi wa chombo. Nyumbani sijui hata chumvi inakaa wapi, hapa nalisha watu saba. Jiko ni sanduku la mchanga, mkaa juu yake. Upepo ukija, cheche zinaruka kwenye tanga, na nahodha ananirukia mimi. Nimekinga kwa bati, nimekinga kwa gunia, sasa nakinga kwa mgongo. Wali wa juzi uliingia mchanga. Wenzangu walikula wakanyamaza, na baharia akinyamaza kwenye sinia ujue anakutafutia jina. Tangu juzi naitwa Pwani.

Mawimbi yalipozidi, nahodha akasogeza chombo ndani, karibu na ufuo. Ndipo tulipohamia kwenye nyumba isiyo na msimamo. Maji yakitoka, chombo kinakalia matope na kulala ubavu. Tumekiwekea magadi, miti ya kukiegemeza, gadi la upande mmoja limezama kama kijiko kwenye uji. Unalala kichwa juu, unaamka kichwa chini, ndala zako ziko kwa Hamadi na Hamadi mwenyewe yuko kwako. Ungesema basi mtu atazoea, lakini maji nayo kila siku yanachelewa karibu saa nzima. Leo chombo kimelala saa saba za usiku, kesho itakuwa kasoro kidogo saa nane, na wewe unafuata tu kama ng'ombe wa kukodi.

Na choo. Choo chetu ni kibanda cha mbao kinachoning'inia shetri, nyuma ya chombo, chini bahari. Maji yakijaa kina siri zake. Maji yakitoka, pale chini wanapita kina mama wanaochokoa chaza, na wanakujua kwa miguu. "Hujambo, baba Pwani?" Utafanyaje? Unaitikia. Mtu mzima anajibu salamu kule juu, kashika kikuta kwa mkono mmoja asipeperuke.

Lakini hayo yote nayaweza. Nisiyoyaweza ni ya mke wangu, Mama Asha.

Kanipigia siku ya tatu. "Uko wapi?"

"Tanga, mama. Twangoja upepo upungue."

"Upepo gani?"

"Kusi."

Akanyamaza kidogo, nasikia majirani wanachambua karafuu nyuma yake. "Hapa Wete hakuvumi. Hata jani la mgomba halitikisiki."

Sasa mweleze mtu. Wete iko upande wa machweo, imejificha ndani ya hori lake, kisiwa kizima kinaikinga na kusi. Hata dunia ipinduke mkondoni, Wete wanawasha kibiriti uwanjani. Nimemweleza haya tangu tuoane, na kila mara jibu lake ni lile lile: "Na huyo upepo wako ana watoto wangapi?"

Shemeji yangu, ambaye kupanda mkarafuu anaogopa, sasa hivi anauza karafuu. Mimi naganda hapa bila senti, maana sisi hatuna mshahara. Nauli inagawanywa: fungu la chombo, fungu la nahodha, na kinachobaki ndicho chetu. Chombo kisipofika tunagawana pole.

Jirani yetu hapa ni mzee wa Kizungu na mkewe, wako kwenye mashua nyeupe ya matanga. Wanataka kwenda Unguja, nao kusi imewazuia. Wameuza nyumba kwao ili waishi majini. Sikukosea kuandika: wameuza nyumba. Wana mashine inayogeuza maji ya bahari kuwa matamu, wana choo cha ndani chenye mlango, na mama yule amepanda kotimiri kwenye kopo, mimi huenda kuomba kidogo. Mzee akaniuliza nimeishi maisha haya muda gani. Nikamwambia miaka ishirini. Akatikisa kichwa, akasema nimebahatika. Nilimwomba Hamadi atafsiri tena.

Siku moja mzee akaja na kishikwambi kumwonyesha nahodha picha ya upepo, bahari yote nyekundu.

"Nyekundu ndiyo nini?" nahodha akauliza.

"Upepo mkali."

"Hilo hata kilemba changu kishaniambia."

Wakakaa hapo wawili, mmoja anatazama kioo, mwingine anatazama mawingu na kulisikiliza goti lake. Wote wakasema Jumatano. Jumatano ikaja na upepo ulioondoka na sufuria yangu. Mzee akalaumu setilaiti. Nahodha akasema goti lilimaanisha Jumatano nyingine.

Asubuhi zangu sasa ni za vitunguu. Nashuka kwanza kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, nafua maji yaliyoingia, kisha nafungua magunia na kuchagua vilivyoanza kuota. Vilivyoota vinaingia kwenye mchuzi. Jana tumekula mchuzi wa kitunguu kwa samaki wa ng'onda, leo ng'onda kwa kitunguu.

Basi alfajiri hii nimeamka nasikia kitu cha ajabu: sisikii kitu. Kimya. Bahari imelala kama mafuta kwenye kikaango. Nahodha akapiga kelele, tukang'oa nanga, tukavuta foromali, mti unaobeba tanga, kwa wimbo, tanga likapanda hadi juu.

Likaning'inia pale kama kanga iliyosahauliwa kambani. Hata pumzi. Mzee wa Kizungu akatupita kwa mashine yake, tutututu, akatupungia mkono, mama naye kapakata kopo lake la kotimiri. Sisi na tanga letu tukaanza kurudi kinyumenyume na maji yanayojaa.

Simu ikalia.

"Mmetoka?"

"Tumetweka, mama. Ila sasa upepo hakuna."

"Hakuna?" akasema Mama Asha, taratibu sana. "Mbona hapa leo kunapepea vizuri tu?"

Nimerudi kwenye vitunguu. Gunia la tatu nalo limeanza kuota.