Los Lobos na laana ya "La Bamba"

Juzi usiku mtangazaji mmoja wa redio kaupiga "La Bamba", ukaisha, akatuambia: "Hao ni Los Lobos, walitoka na huo mmoja, wakapotea." Wakapotea! Bendi ya Wamarekani wenye asili ya Mexico iliyoanza East Los Angeles 1973, ikabeba Grammy mwaka 2022 kwa albamu ya Native Sons, eti imepotea. Aliyepotea namjua.

Na wimbo wenyewe si wao. Ni wa jadi, wa Veracruz huko Mexico. Mwanamuziki Ritchie Valens aliurekodi kirock 1958, akafa kwa ajali ya ndege Februari 1959 akiwa na miaka 17. Los Lobos waliurudia 1987 kwa ajili ya filamu ya maisha yake, ukashika namba moja Marekani wiki tatu. Halafu usikilize mpaka mwisho, pale watangazaji wanapokimbilia matangazo ya biashara: magitaa ya umeme yananyamaza, ala za kienyeji za Veracruz zinaufunga wimbo. Kumbe walikuwa wanaurudisha kwao.

Sasa, dawa ya watu kama huyu bwana ipo tangu 1993: Just Another Band from East L.A.: A Collection. Diski mbili, nyimbo 41. "La Bamba" imo, lakini huko karibu na mwisho wa diski ya kwanza, na kufika hapo lazima kwanza upite harusini.

Ndiyo, harusini. Mkusanyiko unaanza na "Volver, Volver" ya jukwaani, ile ranchera, wimbo wa kienyeji wa Mexico, ambayo kila mjomba aliyelewa anaijua, kisha "El Cuchipe" na "Sabor a Mí", rekodi za miaka ya 1970 kabla kampuni yoyote kubwa haijawatazama. Kampuni yenye haraka ya kuuza ingezitupa hizo. Lakini ukizitupa huelewi chochote kinachofuata. David Hidalgo, Cesar Rosas, Louie Pérez na Conrad Lozano walikuwa vijana wa rock, kisha wakaamua kujifunza ala za wazee wao, za nyuzi za Mexico: bajo sexto, jarana, guitarrón. Walipiga miaka na miaka kwenye harusi na mikahawa, mahali ambapo mtu anakusikiliza huku anatafuna. Na harusi haina huruma. Bibi anataka ranchera, baba mkwe anataka bolero, ule wimbo wa mapenzi wa polepole, vijana wanataka kuruka, na mwenye shughuli ndiye mwenye pesa. Ukimudu hadhira hiyo, hakuna mtindo utakaokutisha. Mwaka 1980 walifungulia jukwaa bendi ya Public Image Ltd pale ukumbi wa Olympic Auditorium wakiwa na ala zao za kienyeji, mashabiki wa punk wakawarushia vitu. Hawakuziweka chini zile ala. Waliongeza umeme, na 1984 tukapata albamu ya How Will the Wolf Survive?

Ndiyo maana "A Matter of Time", wimbo wa albamu hiyo, mume anayemuaga mkewe kwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka, inatulia namna ile bila kulialia. Wanaoiimba wamekaa na watu hao meza moja.

Na baada ya kushika namba moja walifanya nini? La Bamba ya pili? Walitoa albamu ya La Pistola y el Corazón, 1988, Kihispania kitupu, muziki wa jadi mtupu. Nawaza tu sura za wahasibu wa kampuni.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: diski ya pili ina mizigo. Nyimbo za filamu, za kurudia kazi za watu, "Bertha" ya bendi ya Grateful Dead ambayo mimi huiruka. Na nyimbo za Kiko, albamu yao bora, zikichomolewa na kutawanywa zinapoteza ule usiku wake wa ajabu. Kiko inunue nzima. Mkusanyiko wa diski nne wa 2000, El Cancionero, unafika mbali zaidi, kwa wenye subira na fedha. Ule wa diski moja wa 2006, Wolf Tracks, mpe mtu unayemsindikiza uwanja wa ndege.

Mtangazaji wetu nampa kazi rahisi. Wiki ijayo apige "La Bamba" kama kawaida, aache zile ala za kienyeji za mwisho ziishe, na bila kuongea neno aunganishe "A Matter of Time". Simu zikianza kuingia za watu wanaouliza hao ni akina nani, awataje jina lilelile.