Vidole vya sombe

Juzi sokoni Kadutu, mjini Bukavu, mama mmoja muuza sombe, yaani majani ya muhogo, alinishika mkono: "Mwanangu, chukua hii ya vidole vyembamba, ni tamu. Ile ya majani mapana ni kali, utamaliza makaa yote ukiipika." Nikalipa, nikanyamaza, maana mama wa soko humshindi. Ila hapa hayupo, basi niseme: umbo la jani halitaji uchungu.

Muhogo ni mmea mmoja, ule ule uliotoka Amerika ya Kusini ukaletwa Afrika na Wareno karne ya 16. Lakini toka mjini, panda kuelekea Kabare, uangalie shamba kwa shamba. Hapa vidole vitano vipana, pale saba vyembamba kama visu. Mkulima hapandi mbegu, anapanda vijiti, na kijiti kinamrudisha mama yake jinsi alivyokuwa. Ndiyo maana umbo linadumu, na wazee wanaijua kila aina kwa jani kama tunavyojuana kwa sura. Hilo ninaliheshimu. Ingawa hata mti mmoja unacheza: majani ya karibu na maua mara nyingi yana vidole vichache kuliko ya chini yake.

Sura si tabia. Zipo aina tamu zenye majani mapana na kali zenye membamba. Tena tukisema "muhogo mtamu" tunazungumzia mzizi. Majani ya aina zote yanabeba kitu kinachozaa sumu ya sianidi, na mara nyingi kwa wingi kuliko mzizi wenyewe. Kinachotuokoa ni kinu. Jani likipondwa, kimeng'enya chake kinakutana na kitu hicho na kukivunja, sianidi inatoka, na moto unaifukuza. Kwa hiyo nanung'unika nikiona sombe imetwangwa nusunusu na kupikwa haraka eti kwa sababu ni "ya vidole vyembamba". (Wanaonunua iliyosagwa kwa mashine hawajui hata jani lilikuwaje.)

Macho yetu yafanye kazi nyingine. Jani lililokunjika, upande mmoja mdogo, lenye mabaka ya manjano, hilo si aina, ni mozaiki, ugonjwa wa virusi vya muhogo. Inzi mweupe anaisambaza, na sisi tunamsaidia kwa kupeana vijiti vya mti mgonjwa.

Nilipofungua fungu langu nyumbani, nilikuta matatu ya namna hiyo. Niliyatwanga pamoja na mengine, tukala na bugali. Ila shamba lilikotoka, ningependa kujua nani atachukua vijiti vyake msimu ujao.